Kuishi kwa mpira League One na League Two: mkataba, mshahara na kalenda ya mwaka mzima

Chini ya klabu 20 za Ligi Kuu ya England kuna klabu 72 za EFL (English Football League), 24 kwa kila daraja: Championship, League One na League Two. Chini yao ipo National League, daraja la tano, yenye klabu nyingine 24. Habari zinazowafikia vijana wetu ni za wale wa juu, lakini mamia ya wachezaji wa kulipwa wanaishi huku chini, na wengi wao wana mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Mwongozo huu ni wa kijana anayekaribia kusaini League One, League Two au National League, na wa mzazi anayekaa naye mezani siku ya kusaini. Mpira wenyewe atafundishwa na makocha. Karatasi hafundishwi na mtu, na ndizo zinazowaangusha wengi.

Mwaka wa mchezaji

Mwaka unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa sababu ndivyo mikataba inavyoandikwa. Maandalizi ya msimu huanza mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, ligi huanza Agosti na kumalizika mwanzoni mwa Mei. Klabu ya League Two ina mechi 46 za ligi, na juu yake Kombe la EFL, angalau mechi 3 za makundi za EFL Trophy, na Kombe la FA ambalo klabu za League One na League Two huingia raundi ya kwanza karibu na Novemba. Hata klabu ikitolewa mapema kila mahali, inacheza mechi 51. Wiki nyingi ni Jumamosi na Jumanne, kisha Jumamosi tena, na kati yake kuna safari za basi za saa nne au tano.

Kuna vipindi vitatu vya kushika kichwani. Dirisha la Januari ndilo linalomwonyesha mchezaji anayesugua benchi kama klabu bado inamhesabu. Machi, mlango wa kusajili wachezaji huru unafungwa hadi msimu uishe. Mei, klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaotemwa, na jina lako likiwa upande wa pili unakuwa na wiki chache tu za kutafuta kazi kabla mshahara haujakatika.

Kabla ya kumwaga wino

Mkataba wa EFL ni fomu moja kwa wote na sehemu kubwa yake haibadiliki. Kinachojadiliwa kiko kwenye jedwali la mwishoni: kurasa chache zenye mshahara, posho, bonasi na vipengele vya ziada. Anza kusoma huko, polepole, na usikubali kuambiwa usaini siku hiyo hiyo. Klabu inayokutaka kweli itakupa angalau usiku mmoja, na usiku huo unatosha kutuma nakala PFA, chama cha wachezaji wa kulipwa kilichoanzishwa Manchester mwaka 1907. Ukiwa mwanachama wanakusomea mkataba.

Cha kwanza kutazama ni muda. "Mwaka mmoja na mwingine kwa hiari ya klabu" maana yake una mwaka mmoja tu. Hiari ni ya kwao: ukicheza vizuri watakushika kwa mshahara uliokubali ukiwa hujulikani, ukicheza vibaya watakuacha. Mara nyingi huwezi kukiondoa kipengele hicho, lakini unaweza kudai mshahara wa mwaka huo wa pili uandikwe sasa hivi, tena uwe mkubwa kuliko wa kwanza.

Cha pili ni nyongeza ya mwaka inayojitokeza yenyewe ukifikisha idadi ya mechi. Hapa wachezaji wengi huumizwa, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua mkataba unaosema: "Mchezaji akianza mechi 25 za ligi, mkataba unaongezwa mwaka mmoja." Ifikapo Machi umeanza mechi 24. Klabu iko katikati ya msimamo, haipandi wala haishuki, na bajeti ya mwaka ujao inapunguzwa. Kuanzia hapo unaweza kuingizwa kutoka benchi kila wiki na usianze tena, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kinga yako ni maneno ya kipengele chenyewe. Omba kihesabu mechi za mashindano yote badala ya ligi peke yake. Omba kuingia kabla ya dakika ya 60 kuhesabiwe kama kuanza, au mechi mbili za kutoka benchi zihesabiwe moja. Na omba idadi iwe ya chini: ni rahisi kufikisha 18 ifikapo Januari, wakati kocha bado anakuhitaji, kuliko 25 mwezi Aprili.

Cha tatu ni kushuka daraja. Klabu nyingi huandika kwamba timu ikishuka, mshahara unapungua kwa asilimia fulani. Usikatae tu, linganisha. Kama unapunguziwa asilimia 30 kwa kushuka, dai nyongeza ya asilimia 30 kwa kupanda, na dai haki ya kuondoka kwa dau dogo lililoandikwa. Kila msimu klabu mbili za League Two huangukia National League na klabu nne za League One hushuka, kwa hiyo kipengele hiki si cha mapambo.

Ada ya usajili, ukibahatika kuipata, hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba. Ukiandika barua ya kuomba kuondoka, unapoteza sehemu ambayo haijalipwa. Ndiyo maana barua kama hiyo haiandikwi kwa hasira baada ya kuachwa nje ya kikosi. Na kama unahama mji, uliza gharama za kuhama: klabu inaweza kukulipia hadi pauni 8,000 za kuhama bila kukatwa kodi, mradi ni gharama zinazotambuliwa na mamlaka ya kodi. Vijana wengi hawaulizi, na klabu haina sababu ya kuwakumbusha.

Ahadi za mdomo ziache mlangoni. Kocha aliyekuahidi namba anaweza kufukuzwa Oktoba, na anayekuja hajui lolote mlilozungumza.

Hesabu ya mshahara, mstari kwa mstari

Huku mishahara hutajwa kwa wiki lakini hulipwa kwa mwezi. Tuchukue mfano wa mchezaji mwenye pauni 900 kwa wiki na posho ya pauni 150 kila akianza mechi. Mfano huu ni wa hesabu tu. Wapo wanaopata chini ya nusu yake na wapo wanaopata mara tatu.

Pauni 900 kwa wiki 52 ni 46,800. Kwa viwango vya mwaka wa kodi 2025/26, pauni 12,570 za kwanza hazikatwi. Zinazobaki, 34,230, hukatwa asilimia 20 ya kodi ya mapato, yaani 6,846, na asilimia 8 ya bima ya taifa, yaani karibu 2,738. Zinabaki kama 37,216, au pauni 3,100 kwa mwezi kabla ya makato ya pensheni. Akianza mechi 35, posho inaongeza 5,250 na mapato yake yote yanakuwa 52,050. Hapo amevuka 50,270, na kila pauni iliyo juu ya mstari huo hukatwa asilimia 40 ya kodi.

Sasa angalia hatari ilipo. Akiumia goti Septemba, mshahara wa msingi unaendelea kama mkataba unavyosema, lakini posho ya kucheza inakatika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo maisha yote yapangwe kwa mshahara wa msingi peke yake: kodi ya nyumba, gari, na pesa za kutuma nyumbani. Hilo la mwisho lisemwe wazi kwa familia mwanzoni mwa msimu, kwa kiasi kilichotajwa. Ukituma kwa kufuata mwezi ulio na bonasi nyingi, mwezi usio na bonasi unageuka ugomvi.

Usisaini mkopo wa gari wa miezi 36 au 48 ukiwa na mkataba wa miezi 12. Usisaini pango refu kuliko mkataba wako. Kama matumizi yako ni pauni 1,800 kwa mwezi, lengo ni kufika Mei ukiwa na akiba ya miezi mitatu, yaani 5,400. Ukiweka 540 kila mwezi kuanzia Agosti, unafika.

Kuna pesa moja ambayo wachezaji wengi hawajui wanaidai. Mkataba wa EFL unapoisha na klabu haikukupa mkataba mpya wenye masharti yasiyopungua ya zamani, wanapaswa kukulipa mshahara wa msingi kwa mwezi mmoja baada ya 30 Juni, au mpaka upate klabu nyingine, kipi kitangulie. Hiyo ndiyo inayokuvusha Julai. Isipoingia, iulize kwa maandishi.

Wakala

Ada ya kawaida ni kama asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa mfano wetu ni pauni 2,340 kwa mwaka. Mara nyingi klabu humlipa wakala kwa niaba yako, na hapo wengi hudhani ni bure. Mamlaka ya kodi huihesabu kama faida uliyopewa na mwajiri, hivyo unakatwa kodi juu yake: asilimia 20 ya 2,340 ni pauni 468. Iulize klabu kabla ya kusaini kiasi hicho ni kipi na kitaingia lini kwenye makato yako.

Mkataba na wakala haupaswi kuzidi miaka miwili. Mchezaji ambaye hajafika miaka 18 lazima mzazi au mlezi asaini naye. Angalia jina la wakala kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa ya FA, chama cha soka cha England. Kama halimo, mazungumzo yaishe. Swali la kumpima ni moja: amewasajili wachezaji wangapi League One na League Two katika miaka miwili iliyopita, na wangapi kati yao waliongezewa mkataba? Wakala mwenye staa mmoja Ligi Kuu anaweza asiwe na namba ya simu hata moja ya mkurugenzi wa michezo wa klabu ya League Two, na huko ndiko kazi yako iliko.

Kwenda kwa mkopo

Kijana aliyetoka akademi ya klabu kubwa hujisikia ametupwa akipelekwa National League kwa mkopo. Hapana, hapo ndipo anaanza kuonekana. Ollie Watkins alikuwa Exeter City alipopelekwa kwa mkopo Weston-super-Mare, msimu wa 2014/15. Mwaka 2017 alikwenda Brentford, na mwaka 2024 alifunga bao lililoipeleka England fainali ya Euro. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth anayeichezea Taifa Stars, alipita Bromley, Gillingham na Aldershot kwa mkopo kabla ya kwenda Salford City.

Mkopo mzuri huchaguliwa kwa maswali yasiyo na urembo. Nani anacheza namba yako kule, na ana miaka mingapi? Kama beki wa kulia wao ndiye nahodha, utakaa benchi tu. Kocha ana usalama gani wa kazi? Timu inacheza mipira mirefu au inajenga kutoka nyuma, na video zako zitaonyesha nini? Nani analipa posho ya kucheza? Klabu yako inaweza kukurudisha baada ya muda gani? Kwa beki au kiungo, mechi 15 kamili daraja la sita zina thamani kuliko kukaa benchi mara 30 League One.

Weka rekodi ya kila mechi uliyocheza. Klabu hutumia Wyscout, mtandao wa video za mechi, kutazama wachezaji, kwa hiyo wakala atume viungo (linki) vya mechi mbili nzima pamoja na video ya dakika tatu au nne. Mtazamaji mzoefu haiamini video yenye mabao matupu. Anataka kuona unafanya nini ukipoteza mpira dakika ya 80 timu ikiwa imefungwa.

Mwili na dawa

Ripoti kila maumivu kwa daktari wa viungo wa klabu siku hiyo hiyo, na hakikisha yameandikwa. Wachezaji ambao mikataba yao inaisha huficha maumivu ya nyama za paja kwa hofu ya kupoteza namba. Nyama ikichanika kweli Machi, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba tatizo lilianzia mazoezini, na klabu mpya itakayokupima Juni itaona kovu lisilo na maelezo. National League hali ni ngumu zaidi, kwani ulinzi wa mchezaji aliyeumia unaweza kuwa mdogo sana kuliko EFL. Soma kifungu cha majeraha kabla ya kile cha mshahara, na fikiria bima binafsi ya kumaliza kazi kwa majeraha.

Kila dawa, hata ya mafua, itafutwe kwanza kwenye Global DRO, tovuti inayoonyesha kama dawa imekatazwa michezoni. Pseudoephedrine, iliyomo kwenye dawa nyingi za kufungua pua, ina kiwango cha juu kinachoruhusiwa siku ya mechi, na tramadol imepigwa marufuku mashindanoni tangu Januari 2024. Virutubisho viwe na alama ya Informed Sport, inayoonyesha vimepimwa kama vina dawa zilizokatazwa, na namba ya toleo uliyoihifadhi. Dawa za mitishamba zinazotumwa kutoka nyumbani zisiguswe msimu ukiendelea, hata kama zimetumwa na bibi kwa upendo wote: hazina orodha ya viambato, na kwa sheria za dawa zilizokatazwa michezoni kila kilichomo mwilini mwako ni jukumu lako.

Kamari

Tangu Agosti 2014, wachezaji wa Ligi Kuu, EFL na National League hawaruhusiwi kubeti mechi yoyote ya mpira wa miguu popote duniani. Si timu yako peke yake: hata mkeka wa shilingi elfu moja kwenye Simba na Yanga ni kosa. Ivan Toney alifungiwa miezi 8 mwaka 2023 kwa makosa 232, na baadhi yake ni ya miaka aliyokuwa madaraja ya chini. Kumpa mtu taarifa za ndani pia ni kosa. Kieran Trippier alifungiwa wiki 10 mwaka 2020 kwa kumdokeza rafiki kuhusu uhamisho wake. Kwa hiyo binamu akiuliza kwenye kundi la WhatsApp kama mshambuliaji wenu ni majeruhi, usijibu.

Klabu isipolipa

Bury walifukuzwa EFL Agosti 2019, na Macclesfield Town walifungwa kwa amri ya mahakama Septemba 2020. Dalili huanza mapema: mshahara kuchelewa siku tatu, chakula cha mazoezini kukatwa, basi la ugenini kubadilishwa. Mshahara ukichelewa, endelea kwenda mazoezini. Ukigoma, wewe ndiye uliyevunja mkataba. Hifadhi taarifa za benki, wapigie PFA, nao watakuongoza katika utaratibu wa notisi ya siku 14 unaomruhusu mchezaji asiyelipwa kuvunja mkataba na kuwa huru. Klabu za EFL zikifilisika, madeni ya wachezaji yana kipaumbele kikubwa kuliko ya wauza maji na umeme, lakini malipo yanaweza kuchukua miezi. Ndiyo sababu ya ile akiba ya 5,400.

Ukitemwa Mei

Usisubiri simu. Wiki hiyo hiyo tengeneza ukurasa mmoja: tarehe ya kuzaliwa, urefu, mguu, namba unazocheza, mechi ulizoanza kwa misimu mitatu ya mwisho, majeraha na tarehe zake, viungo vya video. Kama hujafika miaka 24, fahamu jambo moja zito. Klabu yako ikikupa mkataba mpya wenye masharti yasiyopungua ya zamani na ukaukataa, klabu nyingine ya England itakayokusajili inadaiwa fidia, na klabu ndogo hukimbia fidia. Ukitemwa kabisa, au ukipewa masharti duni, huna fidia shingoni. Sema hivyo kwenye ujumbe wa kwanza.

Julai utaalikwa kwenye majaribio, na jina lako kwenye orodha ya mechi za kirafiki litaandikwa "Trialist" tu. Fika ukiwa fiti kabisa, maana unapewa dakika 45 mara mbili. Nenda na daluga za nyasi na za uwanja bandia. Baada ya siku kumi bila ofa uliza moja kwa moja, kwa heshima, kwa sababu ukikaa wiki nne bure kwa timu isiyo na bajeti nafasi za kwingine zinajazwa. Klabu nyingi za National League North na South, yaani daraja la sita, hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni, na mchezaji anaweza kuwa na kazi ya mchana. Kwa kijana wa miaka 22 aliyetemwa, hiyo ni njia halali ya kurudi. Jamie Vardy alipita Stocksbridge Park Steels, Halifax na Fleetwood kabla ya kwenda Leicester mwaka 2012.

Kwa aliye Dar, Mombasa au Bujumbura

Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alicheza Mansfield Town, Grimsby Town, Solihull Moors na Blackpool. Gaël Bigirimana wa Burundi alitoka Coventry City kwenda Newcastle United mwaka 2012, na mwaka 2022 akasaini Yanga. Wote wawili walikulia England, wakapita akademi za huko. Anayetoka Afrika Mashariki moja kwa moja ana mlango mwembamba. Kwanza, hawezi kusajiliwa kutoka nje kabla ya miaka 18. Pili, anahitaji kibali cha FA kinachotolewa kwa pointi, na mfumo wake unapima mechi za timu ya taifa, kiwango cha taifa hilo duniani na ukubwa wa ligi anakotoka. Tangu 2023 klabu za League One na League Two zimepewa nafasi mbili kila moja kwa wachezaji wasiofikisha pointi, na klabu hazizitumii kwa mtu wasiyemjua. Klabu za National League haziwezi kumwombea mchezaji kibali hicho kabisa.

Kwa hiyo mtu akikuambia amekupatia majaribio National League na anataka dola 1,500 za viza na barua, huo ni wizi. Klabu ya EFL haimtozi mchezaji pesa ya majaribio. Tafuta namba ya simu ya klabu kwenye tovuti yake rasmi, piga, na uliza kama barua ni yao. Njia inayofanya kazi ni ndefu zaidi: kucheza kikosi cha kwanza nyumbani, timu ya taifa, kisha ligi ya Ulaya yenye masharti mepesi.

Kuanzia miaka 28

Anza vyeti vya ukocha vya UEFA ukiwa bado unacheza, kwa sababu PFA husaidia gharama na una timu ya vijana ya klabu ya kufanyia mazoezi jioni. Chama hicho hutoa pia ruzuku za masomo, na Chuo Kikuu cha Salford kimefundisha wachezaji wengi tiba ya viungo. Pensheni yako haiguswi kabla ya miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57, wakati kazi ya mpira huku chini mara nyingi imekwisha ukiwa na 34. Miaka hiyo ishirini na kitu ya katikati inahitaji mshahara wa kazi nyingine, na kozi ya miaka mitatu ukiianza una 28 unaimaliza una 31, ukiwa bado kikosini.